Muhogo Muchungu na Mama Mukwe Niliyemuita Mulozi

Jina la Yesu litukuzwe, ndugu zangu! Nawasalimu wote, wa Mikelenge, wa Kasuku, na ninyi muliovuka maji asubuhi hii kutoka Alunguli. Mimi ni Mama Sifa, nauza mawese sokoni. Wengi munanijua kwa kelele zangu. Leo nataka munijue kwa zambi yangu, na namna Mungu alivyonitoa ndani yake.

Wakati wa vita tulikimbia Kindu tukaingia porini, upande wa Kibombo. Tulikuwa watu watano: mume wangu, watoto wetu wawili Sifa na Musafiri, mimi, na mama mukwe wangu, Mama Andjelani. Ndugu zangu, njaa ile! Tulikuta shamba limeachwa na wenyewe, muhogo muchungu mutupu. Kila mama hapa anaujua muhogo ule: unauloweka majini siku tatu, nne, mpaka ulainike, ndipo unauanika na kuutwanga. Lakini waaskari walikuwa karibu. Kutwanga tuliogopa, maana muchi unasikika mbali.

Siku ile mimi na mume wangu tulikwenda mutoni kutafuta samaki. Mama mukwe akabaki na watoto. Muhogo ulikuwa umelala majini siku moja tu. Watoto wakalia njaa. Akautoa, akauponda kwa jiwe, akapika bugali. Akawapa wao kwanza. Yeye akala ukoko uliobaki kwenye sufuria.

Tuliporudi, jua lingali juu, Musafiri alikuwa anatapika. Macho yanazunguka, pumzi inamukimbia. Sifa naye alitapika, lakini alikuwa mukubwa kidogo, akapona. Musafiri alikuwa na miaka mitatu. Alikufa mikononi mwangu jua halijashuka.

Nikamugeukia yule mama. Nikapiga kelele, waaskari nikawasahau: "Mulozi! Umemupa mutoto wangu sumu!"

Alinyamaza. Na mimi nikasema, kunyamaza huku njo kukubali.

Ndugu zangu, vita viliisha mujini, ndani yangu havikuisha! Tuliporudi, nilimuambia mume wangu achague, mimi ao mama yake. Mama akaenda kuishi peke yake Alunguli. Miaka yote hiyo nilikuwa naimba kwaya hapa mbele yenu, na lile neno "mulozi" nikiligawa sokoni kama karanga. Watu wakaacha kununua mboga zake. Watoto wakamukimbia njiani. Mume wangu alipofariki, kwenye matanga nilimukataza mama yake kugusa sahani. Mama aliyemuzaa! Nilifanya hivyo mimi, mimi muimbaji.

Mungu hakuniacha. Siku moja mujukuu wangu, mutoto wa Sifa, alikula bugali kwa jirani, akaanza kutapika. Macho yanazunguka, pumzi inakimbia. Nikayaona yale ya porini! Nikafungua kinywa nimuite jirani mulozi. Sifa akanikata maneno: "Mama, nyamaza! Simamisha pikipiki, twende hospitali!"

Pale hospitali kuna chumba kimoja wanakiita kituo cha sumu. Wanapokea waliokunywa petroli, waliomeza dawa ya panya, walioumwa na nyoka. Nesi wa pale, mama mupole, hakuuliza nani anatuchukia. Aliuliza: "Muhogo ulilala majini siku ngapi?"

Jirani alikuwa ametufuata analia. Akajibu: "Moja tu, mama. Njaa."

Nesi akamutia mutoto dawa kwenye mushipa. Kisha akatuonyesha kichupa kitupu. "Hii njo ilikuwa ya mwisho. Tunangojea subside, zile franga za dawa kutoka Leta, serikali yetu. Iko kwenye karatasi tangu zamani, mukononi hatujaiona."

Mutoto akafungua macho, akaomba maji. Haleluya! Lakini mimi nilikaa chini, sakafuni. Nikamuelezea nesi habari yote ya Musafiri. Akanishika bega: "Mama Sifa, hapo hakuna mulozi. Muhogo ule una sumu yake wenyewe, na maji njo yanaitoa. Njaa njo iliwaharakisha."

Kesho yake nikavuka kwenda Alunguli. Nilimukuta Mama Andjelani anapepeta muchele. Nikapiga magoti kwenye udongo. Yeye njo alisema: "Nilijua siku za muhogo hazijatimia. Watoto walilia, nikafikiri moto utamaliza uchungu. Ningekuambia nini, mwanangu?" Tukalia wote wawili mpaka muchele ukaliwa na kuku.

Halafu nesi akaniomba jambo. Wakubwa wa jimbo walikuwa wanaamua kama subside ya kituo itabaki kwenye bajeti ao itaondolewa. Wengine walikuwa wanasema mambo ya sumu ni ya polisi, ni ya uchawi, hospitali inatafuta nini humo? Akataka niende niwaelezee. Kusimulia kifo kile ilikuwa kukiri uongo wangu mbele ya muji muzima.

Nilikwenda kwenye ukumbi wao, nikaanza kusimulia. Nilipofika kwenye jina la Musafiri, sauti ikakatika. Ndipo Mama Andjelani, aliyenisindikiza, akasimama bila kuitwa. "Ni mimi nilipika," akasema. "Kama kungekuwa na mahali pa kumukimbizia, ningemubeba mugongoni mpaka miguu yangu iishe. Wapeni watu mahali."

Wakubwa wakapitisha, subside ibaki. Franga zilichelewa, munaijua Leta yetu! Nesi alipeleka barua juu ya barua, sisi tukafunga na kuomba. Zikafika! Leo kituo kina dawa na simu inayojibiwa saa yoyote, na manesi wanafika mpaka Kalima kwa wachimbaji, wanafundisha kuloweka muhogo. Asante Yesu!

Musafiri hatarudi, ndugu zangu, siwadanganyi. Bado namulilia. Lakini sasa namulilia bila chuki, na tunamulilia wawili.

Mama Andjelani, simama kule dirishani watu wakuone. Muangalieni vizuri. Huyu si mulozi. Huyu ni mama yangu.

Na wewe uliyemutwika muntu kifo bila kuuliza, mutegemee Yesu leo, atakupa nguvu ambazo mimi sikuwa nazo. Mutoto akimeza kitu kibaya, mukimbize kituoni, uombe ukiwa njiani. Na kama kuna mulango unaupita kila siku bila kubisha hodi, ibada ikiisha usirudi nyumbani kwanza. Nenda ubishe. Ukiogopa, nishike mukono hapo mulangoni, tutakwenda wote.