Mwalimu Zebaki, Aliyepima Metali za Hadithi kwa Moto wa Kweli

Shangazi yetu, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Zebaki kwa kuwa hakuweza kukaa kitini dakika mbili, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi wa sufuria na mama muuza mboga. Utoto wake ulipita kando ya meza ya baba. Hapo ndipo alipogundua kwamba bati na risasi zikichanganywa huyeyuka upesi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Akamuuliza baba sababu. Baba, aliyeishia darasa la pili, alimjibu, "Nenda shule ukaniulizie."

Akaenda kweli. Alianza Januari 1960, akamaliza sekondari mwaka 1971 na chuo cha ualimu Novemba 1975, somo la kemia. Jibu la baba alilipata mwaka wa kwanza chuoni, akalituma kwa barua ya kurasa sita. Baba alitaka asomewe mara mbili, kisha akasema sasa atalehemu kwa raha.

Januari 1976 aliajiriwa katika sekondari ya wasichana, kwenye maabara yenye mabomba manne, mawili yakiwa makavu. Wanafunzi walisinzia. Ndipo akaanza kuwaandikia hadithi za falme za kubuni na metali za ajabu, sura moja kila Ijumaa. Sharti lilikuwa moja tu: hupewi sura inayofuata mpaka ueleze ni metali gani ya kweli iliyojificha ndani ya ile ya uongo. Ngao nyepesi isiyoshika kutu ilikuwa titani. Kito cha malkia kilichoyeyuka kiganjani kilikuwa gali, ambayo aliihifadhi kwenye jokofu la walimu, kando ya maziwa, maana joto la mchana lilitosha kuiharibia hadithi.

Mwaka 1984 alimpa shujaa wake upanga wa fedha tupu. Akiwa na shaka, aliupeleka mswada kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya karakana ya mabasi. Fundi alisoma akiwa amesimama, miwani ya kazi ikiwa utosini.

"Mwalimu, fedha tupu ni laini," alisema. "Kijana wako atakufa ukurasa wa tatu."

Shangazi aliuliza akiichanganya na shaba itakuwaje. Fundi akasema itakaza kidogo, ila yeye binafsi asingeenda nayo vitani. Walibishana miezi minne. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Novemba mwaka huohuo, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 1997 hadithi zilipochapwa kitabu, baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wanafundishwa ushirikina. Bodi iliitisha kikao kwenye bwalo. Kitabu kingeondolewa, na pengine mwandishi naye. Aliyekuja na hasira kuliko wote alikuwa mama mshonaji, ambaye binti yake alikuwa akizungumzia metali yenye kumbukumbu. Shangazi hakujitetea. Alitoa kipande cha waya alichopewa na daktari wa meno, akamwomba mama yule aukunje apendavyo. Mama akaukunjakunja kama nywele za kipilipili. Shangazi akautumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, na waya ukanyooka.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kauambia urudi?"

"Hakuna. Ni nikeli na titani, karibu nusu kwa nusu. Zikipata joto, chembe zake hurudi kwenye mpangilio wake wa awali. Uchawi hufichwa, mama. Mimi nimekuja kukuonyesha."

Mama aliomba kujaribu tena, akajaribu mara tatu. Kitabu kilibaki. Mama huyo yupo nasi leo, mstari wa pili.

Alistaafu mwaka 2012. Februari 2019 mikono ilianza kutetemeka, na madaktari wakathibitisha kuwa ni maradhi ya Parkinson. Kalamu ilipomshinda, mumewe akawa mwandishi wake, kwa mwandiko ambao mpiga chapa aliulalamikia waziwazi. Kitabu cha mwisho kilimalizika wodini. Shangazi alitaka kimalizike kwa metali isiyovunjika kamwe. Mumewe akakataa kuandika, akasema hata chuma huchoka.

"Basi andika kwamba ikichoka, huyeyushwa ikaanza upya," alisema. Fundi akaandika bila kubisha. Shangazi alifariki siku nne baadaye, Jumapili tarehe 21 Mei 2023, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, sisi watoto wa kaka yake, na wanafunzi tusioweza kuwahesabu. Kesho saa mbili asubuhi kidato cha tatu wana kipindi cha kemia katika maabara ileile, na mwalimu wao ni binti yake. Ametuomba tusimwombee ruhusa, atakwenda.

Mwalimu wetu, pumzika kwa amani. Darasa lina mtu.