Massoudi, Aliyepiga Hodi kwenye Mabati

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Massoudi, fundi wa bati wa hapa Buyenzi. Massoudi amekufa chini ya gari. Narudia, kwa aliyekuwa anamimina chai: Massoudi, fundi wa bati, amekufa chini ya gari, na gari lile halikumwangukia hivi hivi. Nitazungumza taratibu, maana redio ni ya watu wote na watoto wanasikiliza. Lakini hasira ninayo na sitaificha.

Wengi mlimjua. Mtu mrefu, mikono mipana, ulimi mkali. Hakuwa mpole, tusimpake asali sasa kwa sababu amekufa. Aliwahi kumfukuza mteja mwenye suti kwa kosa la kupiga honi mlangoni pake. Kilichomtuliza ni magari ya zamani. Pejo 404, ile yenye vipembe nyuma, aliizungumzia kama mtu anayemzungumzia shangazi yake.

Na alikuwa na desturi moja. Kabla ya kununua bati, kabla ya kulichomea, kabla ya kulala chini ya gari lolote, Massoudi alibisha kwa vifundo vya vidole na kusema, "Hodi." Chuma kizima kinaitika, kinalia ngaa. Lakini kuna bati lililooza, likajazwa mastiki, ule uji wa mafundi unaokauka ukawa kama udongo, kisha likapakwa rangi. Hilo haliitiki. Linasema pu, kama mtu aliyejifunika blanketi. Watu walimcheka. Yeye akawajibu, "We unaingiaka kwa watu bila hodi? Mi siingiake chini ya gari bila hodi."

Sasa sikilizeni. Mwaka huu alikuja Bwana Darius, mstaafu wa serikali anayekaa Ngagara. Alileta 404 ya marehemu baba yake. Alitaka ifufuliwe, binti yake Orlane aende nayo kwenye arusi yake. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu. Yalihitajika mabati mengine: mlango mmoja wa kushoto, na badekesi zote mbili. Badekesi ni ule ubavu wa chini, unaopita chini ya milango. Huo ndio unaobeba gari. Mlango ni uso tu. Badekesi ni uti wa mgongo.

Mabati ya 404 hayako dukani. Massoudi akashuka Gatumba, mpakani, kwa Consolée. Huyu ni mama wa Kikongo anayevusha vipande vya magari ya zamani kutoka Uvira. Anabeba mlango wa gari kichwani kama mwenzake anavyobeba beseni la nyanya. Mafuriko yalimchukulia nyumba, ulimi yalimwachia.

Consolée mwenyewe amenisimulia. Alimpangia milango mitatu ukutani. Wa kwanza ulikuwa unang'aa kama kioo. Massoudi akabisha. "Hodi." Pu. Akaenda wa pili. Pu.

"Papa Massoudi," Consolée akamwambia, "unatafuta mulango ao unatafuta muke wa pili?"

"Muke akinyamaza, amekasirika," akajibu Massoudi. "Mulango ikinyamaza, iko na mastiki."

Wa tatu ulikuwa mwekundu, umepauka, una bonde ambamo paka angeweza kulala. Uliitika. Ulilia mpaka mbuzi wa jirani wakageuka.

"Ile mubaya hivi ndiyo unachukua?" Consolée akashangaa.

"Bonde nitanyoosha. Uongo haina nyundo."

Badekesi Consolée hakuwa nazo. Akasema, "Nipe wakati, papa. Nitatafuta Uvira, nikikosa nitashuka mpaka Baraka." Massoudi akakubali kungoja. Darius hakukubali. Arusi ilikuwa inakaribia, kadi zimeshagawiwa. Kuna bwana mmoja mwenye garage upande wa Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, aliyemwambia kwamba anazo badekesi za chuma kipya, na atazifunga kabla ya wiki kuisha. Jina la bwana huyo ninalo. Wakubwa wa redio wameniomba nisilitaje. Sawa, silitaji. Lakini huko aliko anajua kwamba ninalo.

Darius akalipeleka gari huko. Likarudi kwa Massoudi likiwa na rangi ya bluu, zuri kama bibi arusi mwenyewe. Kilichobaki ni kufunga ule mlango na kurekebisha bomba la moshi. Massoudi akainama kwenye badekesi, akainua vifundo vya vidole.

"Apana, fundi," Darius akasema. "Usigonge. Rangi bado mbichi."

"Nagusa kidogo tu, patron."

"Ni chuma mupya, wameniapia. We nawe, kila mutu kwako ni mwizi?"

Houda, mke wa Massoudi, alikuwa pale. Alikuwa amemletea chakula. Ameniambia hivi, na ninayarudisha maneno yake kama yalivyo: "Ile neno ilimuchoma. Maisha yake yote wanamuambia, Massoudi mugomvi, Massoudi haaminiake watu. Akashusha mukono. Akanichekea kidogo. Akasema, basi, leo nitakuwa mutu muzuri."

Akainua gari kwa kriki, yaani jeki. Akaweka vigogo chini ya badekesi, kama inavyotakiwa. Akaingia.

Aliingia bila hodi, wasikilizaji. Mara moja tu katika maisha yake, na kwa sababu ya heshima.

Badekesi zilibonyea kama mkate. Gari likashuka lote. Mimi nilikwenda kuona kwa macho yangu. Ndani hamkuwa na chuma kipya. Mlikuwa na mfuko wa saruji uliokunjwa, na mguu wa suruali, pindo lake bado limeshonwa. Juu yake mastiki. Juu ya mastiki, ile rangi ya bluu. Mtu alikaa chini akakata suruali, akaishindilia mle, akalainisha kwa msasa mpaka ikapendeza. Alijua kwamba gari huinuliwa, na kwamba anayeingia chini yake ana mke.

Imeandikwa ni ajali. Ajali ni ng'ombe kukatiza barabara. Hii ilikorogwa kwenye kopo, kwa kijiti.

Kesho yake Consolée alifika kutoka mpakani, hajui lolote, badekesi mbili za kweli kichwani. Akakuta watu wamekaa matanga. Akazishusha chini, na zikalia zenyewe. Houda alizisikia akiwa ndani.

Darius namkasirikia pia, sifichi. Lakini alikuja, akakaa chini kwenye mkeka, akasema mbele ya watu wote, "Ni mi nilimuzuia mukono." Huyo alibishiwa, akaitika.

Yule bwana wa garage alikuja makaburini. Alishika mikono ya watu, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Consolée akamtazama. "Ni kweli, papa. Na ile mastiki, ni Mungu njo alikoroga?" Bwana huyo akageuka, akaondoka.

Siku ya kuvunja matanga akaja tena, mpaka nyumbani. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni na bahasha mkononi, akabisha. "Hodi." Ndani tulijaa, wanawake kwa wanaume. Tukamtazama Houda. Houda alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. "Hodi," akasema tena. "Hodi hapa." Nyumba nzima ya Waswahili, hakuna aliyesema karibu. Akasimama na rangi yake yote, mpaka tukasikia viatu vyake vikiondoka.

Mama Houda, na watoto, na mafundi wote wa Buyenzi, poleni sana. Mungu amrehemu Massoudi na ampanulie kaburi. Na wewe uliyenisikiliza, fikiri kitu kimoja. Utaambiwa ni kipya, utaapiwa, utaitwa mgomvi. Bisha tu. Rangi ikiharibika, inapakwa tena.