Heda Ipi Iliitwa Kwanza

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Daktari Mkuu uliyekuja kupokea pampu za dripu za wodi ya watoto, wakuu wa idara, waandishi wa programu wenzangu, nawe mke wangu uliyenipigia pasi shati hili: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mshereheshaji amenisifu kwamba kwa miaka ishirini na miwili programu zangu hazijawahi kukosea, nanyi mkapiga makofi. Jamani, makofi hayo yamenichoma. Leo nastaafu, lakini siwezi kuondoka na sifa hiyo.

Mnamfahamu dada yule pale nyuma, tunayemwita Mama Foleni kwa kupenda kila kitu kikae kwenye mstari. Daktari, heda ni faili ndogo yenye vipimo, ambayo faili nyingine za programu huiita zinapoanza. Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu akaniambia, "Mzee, ile mistari ya juu inayoita heda imekaa shaghalabaghala. Kila faili na mpangilio wake. Niruhusu niipange." Nikamjibu mbele za watu, tena kwa sauti: "Hapa si saluni, dada. Hatusuki programu nywele." Mlicheka. Mimi nilicheka kuliko nyote.

Hakunisikiliza, Mungu ambariki. Aliipanga kwenye nakala yake, heda zikaitwa kwa utaratibu mmoja kila mahali. Nusu saa iliyopita, nikiwa nafunga tai, akaniita kwenye benchi la majaribio. Pampu yenye programu yangu na pampu yenye programu yake, maji yaleyale, dakika zilezile. Yangu ilitoa mara kumi ya dozi. Mara kumi, ndugu zangu! Nilidhani chupa ya kupimia ni mbovu, nikaibadilisha, nikapima tena kwa mkono wangu.

Imekuwaje? Mwezi uliopita tuliongeza heda ya dozi za watoto. Heda hiyo na ile ya zamani zinaweka vipimo viwili tofauti kwa jina lilelile. Inayoitwa kwanza ndiyo inayoshika, ya pili inanyamaza. Faili moja ikaita ya watoto kwanza, nyingine ikaita ya zamani. Nusu ya programu ikahesabu hivi, nusu vile, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Nani alikagua? Mimi. Nani alitia saini? Mimi huyu mnayeniaga kwa keki.

Daktari Mkuu, nakuona umeshika kifua. Hakuna mtoto aliyewekewa pampu hizi bado. Lakini arobaini ziko kwenye lori pale nje, na dereva ameniambia kuwa bila neno la Mkurugenzi la kumzuia ataondoka saa nane kamili. Sasa ni saa nane kasoro dakika sita.

Mheshimiwa, nakuomba, litoe neno hilo sasa hivi, hata kabla sijakaa. Mama Foleni, simama wakuone, unisamehe mbele ya walewale waliocheka. Zawadi mliyoniandalia mpeni yeye. Mimi niacheni nikashushe kasha la kwanza.

Asanteni kwa kunivumilia.