Beki Aliyeteleza Kinyumenyume: Tauno Kervola, 1946–2024

Mchungaji, ndugu, majirani, nanyi wazee wa timu ya Hirvet mliovaa jezi juu ya suti kama alivyotaka mwenyewe, familia imenikabidhi mimi, Hilja, mdogo wake, kazi ya kusoma historia hii, na nitaisoma yote, hata yale ambayo baba yetu asingependa yasomwe.

Marehemu Tauno Kervola alizaliwa tarehe 14 Januari 1946 katika kijiji cha Koivumäki, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa Kalle na Saimi Kervola, nasema watatu, ingawa nyumbani kwa miaka mingi tulihesabiwa wawili.

Alianza shule mwaka 1953, ng'ambo ya ziwa, na barafu ikishika watoto walivuka kwa viatu vya kuteleza. Asubuhi ya tarehe 23 Novemba 1957 Tauno alitangulia, kaka yetu mkubwa Oiva, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, akafuata nyuma, akauliza, "Barafu inabeba?" naye Tauno akamjibu bila kugeuka, "Inabeba, wewe njoo tu." Alipofika ng'ambo akageuka, ziwa lilikuwa jeupe na tupu, hakuna aliyesikia kelele, wanaume walilikagua lote hadi jioni wasione tundu, na barafu ilipoyeyuka ikapatikana kofia peke yake. Baba alisema Oiva alikaidi kwa kukanyaga barafu bila kuhakikisha, akakataza jina lake lisitajwe mezani, nasi tukatii.

Tangu siku hiyo Tauno hakukubali tena kuteleza huku amempa mtu mgongo. Mwaka 1962 alikwenda mji wa Varkaus kujifunza ufundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi, na huko kocha wa Hirvet, hayati Reino Vuolle, akamwona kijana anayekwenda kinyumenyume kwa kasi kuliko wenzake wanavyokwenda mbele, akamfanya beki siku ileile. Alicheza mpira wa magongo wa barafuni kwa misimu kumi na mitano, kuanzia Oktoba 1964 hadi Machi 1979, mechi 588, magoli saba, na Vuolle alikuwa akimtania mbele ya wote, "Kervola, goli liko kule, kwenu unarudi kutafuta nini?"

Pentti Luosto, beki mwenzake, ambaye yupo hapa na anaweza kunikosoa, anasema Tauno alikuwa na tabia ya kupiga kile kisahani cheusi kinachotumika badala ya mpira, akakipeleka nyuma ya goli lao, kwenye kona ya kushoto ambako hapakuwa na mtu, kisha kisahani kinarudi kwenye gongo lake, taratibu, kama kimetumwa, na Pentti alinung'unika miaka yote kwamba yeye hapewi pasi. Mara tatu, mwaka 1968, 1971 na tarehe 8 Februari 1976, Hirvet waliadhibiwa kwa kuzidisha wachezaji Tauno akiwa uwanjani, refa amehesabu sita mbali na kipa, na mchezo ukisimama wanahesabiwa watano. Katika ripoti ya mara ya tatu refa aliandika kwamba yule wa sita alikuwa mdogo wa umbo, kichwa wazi. Wachezaji walicheka, lakini Tauno alimfuata refa mlangoni akamuuliza swali moja tu, kama yule mtoto alionekana amechoka. Refa alimjibu hapana, na baada ya msimu ule hakuchezesha tena.

Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa na Marketta Siponen, wakajaliwa watoto wawili, Outi na Tuomo, na wajukuu watatu. Marketta alivumilia mume anayekaa sauna uso mlangoni na anayelala uso dirishani, lakini baada ya ile ripoti alimwambia kwamba hakai nyumba moja na mtu asiyetambulishwa kwake, ndipo Tauno akamtajia jina la Oiva. Alipostaafu kucheza aliendelea na kazi ya kiwandani, kisha akawa mtunza barafu wa uwanja hadi mwaka 2009.

Oktoba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Mwezi Januari mwaka huu, nilipokwenda kumwona, aliniambia, "Hilja, Oiva hakukaidi. Mimi ndiye niliyemwambia inabeba." Nilikasirika, sitaficha, kwa maana nilikuwa nimemlaumu Oiva tangu nina miaka saba, na kwa siku nne sikupokea simu ya Tauno, siku ya tano nikampigia mimi, tukazungumza habari za theluji.

Hospitalini hakuruhusu wauguzi wamgeuze akaupa mlango mgongo, hadi asubuhi ya Jumamosi tarehe 2 Machi, alipoomba mwenyewe ageuzwe, akatulia, akaniambia, "Amenipita. Sasa yuko mbele." Alifariki saa tano na dakika arobaini, mimi na Marketta tukiwa tumemshika mikono, na mimi nilikuwa bado sijamwambia lililo moyoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Koivumäki waliotuondolea theluji njiani, wafanyakazi wenzake na Hirvet wote. Jeneza litabebwa na watu watano, nafasi ya mbele kushoto iachwe wazi, aliandika hivyo kwa mkono wake, na asubuhi hii lilipotolewa chumba cha maiti nilitembea kando yake nikaona halikuinama upande ule. Kwa hiyo naomba mtu yeyote, hata kwa wema, asikimbilie kushika pale.

Tauno, nilikusamehe siku ile ya theluji, nikaona haya kusema, nasema leo mbele ya watu. Pumzika kwa amani, kaka yangu.