Msinifunike kwa Saruji

Zima redio, Theuri. Lynn, acha huo mto ulivyo, uketi. Nisikilizeni bila kunikatiza, wanangu, maana pumzi iliyobaki ni kidogo na siwezi kurudia neno.

Ng'ombe mweusi ni wa Lynn. Shamba la chai mgawane sawa, na mtu asimwambie Lynn ana kwao kwingine, kwa sababu huko kwingine alikoolewa mnajua alivyorudi. Hayo ni mepesi. Linaloninyima usingizi liko nje ya dirisha hili.

Baba yenu alipokufa, Theuri, ulimjengea kaburi la vyumba viwili, ukaliweka vigae, ukaandika jina lake upande mmoja na langu upande wa pili: Wachuka wa Kahiga, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Ulifanya kwa upendo, na watu walitoka Giakanja kuja kulisifu. Lakini tangu hapo, nikienda kukama, jina langu linaningoja. Nikianika nguo, linaningoja. Na sasa siwezi hata kugeuka kitandani, nanyi mmenilaza nikiliangalia.

Mimi sijui mtu akifa huenda wapi. Nilisoma hadi kidato cha nne, nimeimba kwaya kanisani miaka yote, na sijui. Mchungaji anasema nitalala hadi parapanda ilie. Shangazi yenu Watiri anasema nimesharudi, eti nimo ndani ya Wachuka mdogo, binti yako Theuri, kwa kuwa mlimpa jina langu. Jana alisimama hapo mlangoni akasema, "Unaogopa nini, Mama Theuri? Ona huyu mtoto anavyotembea. Ni wewe kabisa!" Nikamwambia, "Kama ni mimi, Watiri, mbona anakupenda?" Tukacheka hadi nikakohoa.

Lakini alipoondoka niliwaza. Mtoto akivunja kikombe, mnasema ni cucu, ni bibi yake. Akikataa uji, ni cucu. Atakuwa yeye mwenyewe lini? Na mimi nitapumzika lini, kama nikitoka huku naanza tena kusugua masufuria kwa mikono ya mtu mwingine? Mwacheni mtoto. Tulimpa jina, hatukumpa mzigo.

Kila mtu ameshanitafutia mahali pa kunifungia, na hakuna aliyeniuliza.

Kama kufa ni kulala, saruji haitanidhuru. Lakini kama mtu hubaki akijua, hata kidogo tu, sitaki kujua nikiwa ndani ya sanduku, ndani ya saruji, chini ya vigae, na baba yenu ng'ambo ya ukuta. Nilikaa naye vizuri. Imetosha.

Nizikeni kule chini kwenye majani ya napia ya ng'ombe, katika udongo mtupu, kwa sanduku la mbao nyepesi inayooza upesi. Mvua ininyeshee. Udongo ukishatulia, pandeni majani hapo juu, ng'ombe ale.

Najua, Theuri. Watu watasema umemtupa mama yako, na Watiri ndiye atakayeanza. Usiangalie sakafu. Wewe ndiwe utakayeshika mwiko wa saruji, na mimi sitakuwa na mdomo. Hilo linanitisha kuliko kufa.

Niahidi. Kwa sauti, dada yako asikie.

Tutaona? Hapana, baba. "Tutaona" ndiyo niliyokuwa nikiwaambia mkitaka viatu vipya.

Lynn, nilowanishe midomo... Basi. Leteni mikono, wote wawili. Mate ya kuwabarikia yamekauka, mtapokea pumzi. Mle mkashibe. Mifugo yenu izae. Msigombane mbele ya watoto... Na wewe, Theuri, mkono wako pia, hata kama hujaahidi. Sitakuwekea kiapo shingoni. Najua kufungwa kulivyo.

Umesema nini? Naona mdomo unasogea. Njoo karibu... huku, sikio hili... Sema tena, mwanangu.

Lynn... amesema nini?