Kata Kushoto Kwenye Banda la Hertel

Hadithi hii aliisimulia kwanza Emil Brungardt mwenyewe, mezani kwa binti yake, Krismasi ya mwaka 1983, miaka minne baada ya kutokea. Aliyoyaruka yeye aliyajazia Delphine, mwenye kituo cha mafuta. Kijiwe cha Emil na wenzake kilikuwa hapo kituoni, mji wa Lindau, magharibi ya Kansas: benchi kuukuu la kanisani limeegemezwa ukutani, na birika la kahawa dirishani ambalo Delphine alilijaza asubuhi na hakulijaza tena. Walioketi siku zote walikuwa watatu. Emil, waliyemwita Mvua, kwa sababu hakuna tone lililoanguka Lindau asilolipima. Clarence Rupp, shemeji yake, aliyeitwa Dizeli kwa kuwa akishawaka hazimiki. Na Otto Fiegel, waliyemwita Sherifu, ambaye hakuwahi kushika cheo chochote ila alikuwa na redio iliyonasa maongezi ya polisi. Ulikuwa mwezi wa Juni, ngano inavunwa, malori yanapita barabara kuu yakitimua makapi, na alasiri hiyo mbingu upande wa magharibi ilikuwa imeanza kugeuka kijani, rangi ambayo watu wa huko hawaipendi.

— Bado? Emil aliuliza bila kugeuza kichwa.

— Ikilia utaisikia, Delphine alijibu kutoka ndani. Una masikio mawili, yote makubwa.

Aliyengojewa kupiga simu ni msichana aliyepita asubuhi juu ya baiskeli, peke yake, mifuko minne imening'inia kwenye magurudumu. Alitoka Virginia, anakwenda kuiona bahari ya upande wa pili. Jina lake Karin. Upepo wa malori ulikuwa umemchosha, akauliza kama ipo njia ya nyuma ya kufika Prosper. Wazee walibishana mbele yake mpaka kahawa ikapoa, mwishowe Emil akampa njia: shika barabara ya changarawe kwenda kaskazini, ukifika banda jekundu la Hertel kata kushoto, pita shule, utaiona Prosper mbele yako. Msichana akayarudia maneno kama mwanafunzi. Delphine akamwambia, "Ukifika nipigie, mwanangu, nisikae roho juu." Kwa mwendo wa baiskeli, angekuwa amefika kabla ya chakula cha mchana.

— Kalala huyo, alisema Dizeli. Kaona mti, kajinyoosha chini yake.

— Mti gani? Sherifu akamkatiza. Kule kuna mti? Hata ndege wa kule wanatua chini.

— Basi kafika Prosper, kapata kijana, kasahau simu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini, wakati mgeni mwenyewe haonekani? Delphine alisema.

Radi ilinguruma mbali, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili. Emil alikodolea macho mstari wa mawingu. Alijua vipimo vyake. Juni ya mwaka uliopita mvua ya namna ile iliijaza gilasi yake ya kupimia nusu kabla hajamaliza kufunga madirisha, na Kijito cha Mifupa, ambacho siku nyingine kuku anakivuka, kiliondoka na ndama wawili wa Leiker. Barabara ya changarawe, mtu akiifuata moja kwa moja bila kukata kushoto, inateremka ndani ya kijito hicho. Daraja hapana. Nyumba hapana. Baada ya hapo ni malisho matupu mpaka kuchoka.

Lakini kwa nini asikate kushoto? Banda lile hata kipofu analiona.

— Mimi nasema mbwa mwitu, alisema Dizeli.

— Mbwa mwitu hawali watu, shemeji.

— Hawajawahi kumwona mtu aliyevaa kaptura ya manjano.

— Afadhali ungesema simba wa milimani, alisema Sherifu. Binamu yake Leiker kamwona mmoja majira ya kupukutika majani. Anatembea taratibu, hana haraka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Methali hiyo haihusu simba, Otto, Emil alisema.

— Haihusu simba? Imeanza na nani, na sungura?

Dizeli alicheka peke yake. Hakuna aliyemfuata, akajimiminia kahawa. Nusu ikamwagika kwenye kiatu.

— Na ule mtego wa watu wa serikali je? akaanza tena, sauti ikiwa chini sasa. Si mnajua chini ya ngano ya Pfeifer kuna kombora? Lenye uzio na taa? Akiiegemeza baiskeli pale kidogo tu, apumue, wanajeshi wanatoka ardhini kama panya. Wanamchukua. Huwasikii tena, si yeye wala baiskeli.

— Redio yangu ingenasa.

— Redio yako inanasa mahubiri ya Oklahoma!

— Na kwa nini msichana atembee peke yake nchi nzima? Sherifu alisema, kana kwamba hakusikia. Mifuko minne. Nani kaikagua? Huenda aliyachora makombora yote kutoka Virginia mpaka hapa, na sisi tukampa njia ya mkato.

— Si ndiyo wahenga walivyosema? Dizeli akadakia. Njia ya mwongo fupi!

Emil aligeuka akamtazama shemeji yake. Dizeli hakuwa na ubaya. Alikuwa ameokota methali iliyo karibu. Lakini neno lile lilimchoma Emil mahali ambapo hakujua pana kidonda.

— Mimi si mwongo, alisema.

— Nani kasema wewe? Unajishtukia nini, Mvua?

— Nimemwelekeza sawasawa. Banda, kushoto, shule. Nyote mlikuwepo.

— Tulikuwepo, alisema Sherifu. Banda kubwa kama kanisa, hakuna wa kulikosa.

Upepo ulikata ghafla. Hata malori yalikuwa yamekoma. Wavunaji walikuwa wanafunika nafaka. Katika ukimya ule Dizeli alisema jambo ambalo baadaye alikana kulisema.

— Labda hakuwa mtu. Mama yangu, miaka ile ya ukame na tufani za vumbi, aliona mwanamke anapita na baiskeli barabara hiyohiyo, hana kivuli. Wiki ileile tukamzika mdogo wangu. Mlimwona huyu akinywa maji? Kuna aliyemgusa?

— Mimi nilimshika bega, alisema Delphine mlangoni. Lilikuwa bega, Clarence. Limeungua na jua. Acha hayo, tafadhali.

Hapo pikapu iliingia na kusimama kwenye pampu. Aliyeshuka alikuwa kijana wa kikosi cha wavunaji kutoka Texas, Rolando Treviño, wiki yake ya kwanza Lindau. Delphine alimweleza habari kwa maneno machache huku akimjazia mafuta. Kijana akatazama mawingu, akavua kofia, akaja mpaka kwenye benchi.

— Shikamooni, wazee. Naweza kwenda kumwangalia. Amepita njia ipi?

— Shika changarawe, alisema Sherifu. Ukifika banda la Hertel, kushoto.

— Barabara hiyo nimeipita na lori kila siku tangu Jumatatu, alisema Rolando. Sijaona banda.

— Jekundu, Dizeli akamsaidia. Kubwa.

— Sawa, mzee wangu. Liko wapi?

Dizeli alifungua mdomo. Sherifu alitazama redio yake. Emil aliliona banda waziwazi, jekundu, mlango mmoja umelegea, popo wakitoka jioni. Akaona pia moto. Radi ililipiga mwaka 1961, na wote watatu walikuwepo usiku ule wakipokezana ndoo, na harufu ya farasi wa Hertel walioungua haikumtoka puani mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Baada ya hapo waliendelea kukata kushoto palepale, kwenda kanisani, kwenda mnadani, kwenda kuzika. Shule nayo matofali yake yaliuzwa, kiwanja kikalimwa.



— Emil, Delphine alisema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba. Lile banda liliungua.

Emil alikuwa ameshasimama, anaelekea kwenye pikapu.

Walikwenda kwa pikapu ya Rolando, Emil kando yake. Mvua ya mawe iliwakuta njiani, ikapasua kioo. Emil alisema "hapa," na kijana akapunguza mwendo, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minane Emil alipatazama mahali pale kwa macho ya mgeni. Ngano, na njia ya udongo iliyojificha ndani ya ngano. Basi.

Walimkuta kijitoni. Baiskeli ilikuwa imeshachukuliwa na maji. Msichana alikuwa amekumbatia nguzo ya uzio wa Leiker, maji kifuani, waya wa miiba umemwingia viganjani kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika. Rolando alijifunga kamba kiunoni akaingia. Emil akaishika kamba na kurudi nyuma hatua kwa hatua, akiomba kwa Kijerumani cha mama yake. Walipomlaza ndani ya gari, msichana alimtambua.

— Nisamehe, mzee, alisema. Nilirudi mara mbili kulitafuta banda. Sikuliona.

Emil alivua shati lake akamfunga viganja. Pale mezani, Krismasi ile, hadithi aliikatia hapo, na binti yake akainuka kuondoa sahani.

Wiki moja baada ya mafuriko yale Emil alichimbia nguzo kwenye njia panda, akaipaka rangi nyekundu. Upepo uliiangusha mwaka 1994. Leo ukiuliza njia ya kwenda Prosper, watu wa Lindau watakwambia ukate kushoto kwenye nguzo ya Emil.

Emil alifariki mwaka 1991, na Dizeli akamfuata kabla ya theluji kuyeyuka. Sherifu alizikwa na redio yake. Rolando hakurudi tena upande wetu na habari zake hatunazo. Delphine yu hai, yuko kwa mwanawe. Karin naye yu hai, na viganja vyake vyote viwili vina makovu.