Kijana Aliyefundisha Wenzake wa Gereji

Basi lilikuwa limepita Makindu Syokau aliposikia Mzee Kivuva, mzee wa kanisa lao, akimwuliza kijana aliyeketi naye kiti cha mbele amebeba nini kwenye hiyo katoni.

"Ni kondomu, mzee. Nafundisha vijana wenzangu wa gereji kujikinga na ukimwi."

Mzee akajisogeza dirishani, kana kwamba katoni ingemwuma. "Kumbe unawafundisha dhambi!"

"Dhambi waliijua kabla yangu. Kujikinga ndiko hawajui."

"Waambie wangoje ndoa."

"Hilo pia nawaambia, baba. Lakini ndugu yangu Mbuvi aliniuliza juu ya ugonjwa huu, nikamcheka. Tulimzika Aprili, akiwa na miaka ishirini na miwili. Sitamcheka mwingine."

Syokau akamkumbuka mwanawe, Muthiani, anayelala gereji pale Kibwezi na kuja nyumbani Jumapili tu. Mambo haya mama hamwambii mwanawe wa kiume, na baba yake alishafariki.

"Nitamwambia pasta," mzee akasema.

"Mwambie, na umkaribishe. Tunaanza saa nane, nyuma ya soko."

Basi likasimama Kibwezi. Wawili hao wakashuka wakiendelea kubishana, hakuna aliyekubali kushindwa. Syokau akawafuata, akamshika kijana mkono mbele ya mzee wake wa kanisa.

"Nina mtoto huko gereji," akasema. "Saa nane nitamleta mwenyewe."